Kuku wa Mama kwenye Kalenda Yako

Naviundu, Lubumbashi
Januari, baada ya Bonane ya mwaka mpya

Yaya Kambale, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mtaa wa Golf, wewe, mke wako Hortense na watoto, na kwamba tumbo la sikukuu limeanza kushuka. Sisi huku Naviundu tu wazima. Mto ulijaa, maji yakaingia ndani, tukayatoa kwa ndoo, maisha yanaendelea. Nimekujulia hali kwa sababu Mama alitufundisha kwamba hata mtu uliyemkasirikia unamsalimu kwanza. Basi nimeshakusalimu.

Jana shofere wako Guelor alifika kwa Mama, Kasungami. Alisema patron, yaani wewe bosi wake, ametaka kalenda zote ulizowagawia wateja zirudi depo, kwenye ghala lako, eti zina kosa la uchapaji. Mama alikuwa anapalilia mahindi, na alipokuja kunawa mikono alikuta ukutani umebaki msumari. Kwa wateja wako uzunguke utakavyo, ni wateja wako. Lakini kuitoa kalenda kwenye ukuta wa mama aliyekuzaa, hilo ndilo limenikalisha chini niandike. Kwenye simu unanikatiza. Hapa utasoma mpaka mwisho, au utachana, na ukichana najua Hortense ataokota vipande asome.

Umesema nimekuchora ili nikuaibishe mbele ya watu. Umesema nina wivu tangu utoto, na kwamba utaita kikao cha familia nije nikuombe msamaha. Kikao kiite. Ila kwanza nikueleze picha zile zilitoka wapi.

Oktoba ulinipigia mwenyewe. Ulisema wauzaji wote wa jumla wanawapa wateja kalenda za maua na maporomoko ya maji, wewe unataka yenye hadithi ya Noeli, kila mwezi na picha yake, ili mteja awe na hamu ya kufika Desemba. Wazo lilikuwa zuri, nakupa haki yako. Halafu ukaliharibu. Ukataka Papa Noeli, theluji na misonobari. Nikakuuliza theluji ipi, yaya, hapa kwetu Noeli ni matope na maembe. Ukanijibu nichore tu, mambo ya biashara nikuachie wewe.

Nilijaribu, Mungu anajua. Papa Noeli wangu alifanana na mgonjwa wa malaria aliyejifunika blanketi, na theluji ikaonekana kama unga wa bukari uliomwagika. Nilichana karatasi mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kuziokota. Mimi ninayechora mialiko ya harusi za mji huu nilikaa mbele ya karatasi nyeupe, mkono umekufa. Sikupata kitu, kwa sababu hakuna hata kimoja katika vile ulivyoagiza ambacho nimewahi kukiona kwa macho.

Ndipo nikaenda kwa Mama. Unajua, au zamani ulijua, kwamba Mama hawezi kuchambua maharage bila kusimulia. Kule Butembo, kabla vita haijatutawanya, ni wewe uliyekuwa ukimsumbua aongeze nyingine. Nikamwomba hadithi ya Noeli. Akatupa maharage mabovu pembeni, akaanza.

Palikuwa na mama mmoja aliyefuga kuku kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Alimlisha mahindi mwaka mzima ili ampelekee mwanawe aliyejenga nyumba ya ghorofa. Asubuhi ya Noeli akamfunga miguu, akampakata, akaenda naye kwa miguu kwenye mvua. Alipofika kwenye geti alijifuta matope kwa majani, asichafue vigae vya mwanawe. Sentineli, mlinzi wa geti, akaingia ndani kuuliza. Juu kwenye varanda wageni walikuwa wanacheka. Sentineli akarudi na jibu kwamba mama wa makala, muuza makaa, apite baada ya sikukuu. Kuku akamnyea sentineli kiatu, mama akarudi kwake. Hadithi ikaendelea hadi Noeli nyingine, mwana akaja mwenyewe kwa miguu, akamkuta mama yake anapika maharage, wakala pamoja, na kuku hakuchinjwa.

Nilicheka, yaya. Pale kwenye kiatu nilicheka mpaka machozi, na Mama akacheka pamoja nami. Nilirudi nyumbani mkono umefufuka. Nilichora kila kitu, na kuku nilimchora kwa kumtazama yule yule wa Mama anayezunguka uani. Geti niliweka Oktoba, maharage Desemba.

Ulipoletewa nakala ya kwanza uikubali, ulitazama nini? Jina la depo na namba ya simu. Ukasema namba ni ndogo, nikaikuza. Ukasema bado, nikaikuza mpaka ikafunika miguu ya sentineli. Hukufunua hata ukurasa wa pili. Leo unasema nilikuficha.

Watu waliipenda. Stanislas, yule mteja wako wa sukari, ndiye aliyekuuliza mbele ya wapakiaji kama unamjua huyo tajiri mbaya wa Oktoba. Aliuliza kwa utani tu. Jioni ile ile ukanipigia unafoka.

Sasa kaitazame Oktoba vizuri. Tajiri hana uso. Nimechora mkono ulioshika glasi juu ya varanda, basi. Hakuna mtu katika mji huu ambaye angekutambua kwa mkono. Ulijitambua mwenyewe, na maneno yako nayaandika hapa kama ulivyoyasema: “Ile siku nilikuwa na bageni ba maana. Singeweza kumuingiza mu salon na ule kuku wa shingo wazi. Na Mama aliniahidia hatasema kwa muntu.”

Yaya, mpaka dakika ile mimi nilidhani ni hadithi.

Sikujua kwamba Noeli ya mwaka juzi mama yetu alisimama kwenye mvua nje ya geti lako. Sikujua ni wewe uliyemwita mama wa makala. Na mimi nilikaa mbele yake nikacheka, yeye akacheka ili nisijue, na hilo sitakusamehe upesi. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe Mama alikufunza vizuri sana, ukaenda kujifunza upya kwa hao wageni wako wa maana.

Asubuhi yake nilikwenda Kasungami. Nilimuuliza mbona alivunja ahadi. Alishangaa kabisa. “Sikusema ya Kambale, mwana wangu,” akaniambia. “Nilisema ya mama moja na kuku yake.” Kuku yuko pale pale, amezeeka, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Noeli hii iliyopita nilimshauri tumchinje, akakataa, akapika maharage, na mara kwa mara akawa anatoka kutazama njia. Nilidhani anaangalia mvua.

Nikamuuliza tena, kwa hasira, kwa nini basi alinidanganya mwisho, kwa nini alimleta yule mwana nyumbani wakati hakuja. Alikuwa anaitazama kalenda ukutani. “Sikukudanganya,” akasema. “Desemba haiyafika.”

Hiyo ndiyo kalenda aliyokuja kuchukua Guelor.

Ingekuwa juu yangu, hadithi ingeishia Oktoba, na wewe ungebaki juu ya varanda na glasi yako mwaka mzima, kwenye kila duka la mji huu. Desemba ni ya Mama. Ni yeye aliyekuweka pale, mimi nilishika kalamu tu. Basi zile kalenda nyingine zichome ukitaka. Ya Mama irudi. Na isirudi na Guelor. Uilete mwenyewe, wala usingoje Noeli, maana Mama ana umri na kuku ana umri. Parsele yake, kile kiwanja chake, haina geti wala sentineli, ni kitenge tu mlangoni. Matope yapo, na majani ya kujifutia miguu yapo pia. Msumari nimesema usitolewe.

Nisalimie Hortense. Nisalimie watoto, uwaambie kambo wao, bibi yao wa Kasungami, anawauliza, na uwaeleze wewe mwenyewe kwa nini hawamjui.

Msamaha siombi. Mungu akulinde hata hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Émerance