Dawa ya Manka Imeruhusiwa Kusafiri

Shikamoo, Mama. Marahaba yako siitegemei tena, ila kwa ulivyonilea siwezi kuanza na jambo lingine.

Nakuandikia nikiwa dukani Kariakoo, juu ya robota la vitenge. Jana tulifuata sindano za Manka hospitali, na safari hii dada Saumu, yule mfamasia, ametupa za kutosha likizo nzima. Amesema tunaweza kusafiri.

Unakumbuka ulivyomvaa? Ulikuja Dar kumwona mjukuu wako, na siku ya kwanza tu ukataka kujua kwa nini haletwi Moshi Krismasi kama watoto wa Wachaga wote. Nikakueleza: mwili wake hauwezi kuitumia vitamini moja iliyomo kwenye chakula, kwa hiyo anachomwa sindano kila siku. Ya kiwandani ni nyepesi mno kwake. Ile nzito wanaitengeneza hospitalini wenyewe, nayo tunapewa ya siku mbili tu. Hukuridhika. Ukafunga kilemba, ukanifuata hadi dirisha la dawa.

"Mwanangu, hata maziwa nikiyachemsha yanalala. Hii yenu inaharibiwa na nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini dada Saumu hakukasirika. "Bibi, ukweli hatujui kama inaharibika. Hakuna aliyeipima, ndiyo maana tunaogopa."

"Basi si mpime."

Wakapima, Mama. Si kwa ajili yako peke yako, usije ukavimba kichwa. Walishalifikiria siku nyingi. Chupa nyingine waliziweka kwenye friji, nyingine kwenye joto letu hili, wakawa wanazirudia kuona kama nguvu imepungua. Zile za kwenye friji, zilizofunikwa zisipigwe na mwanga, zimebaki vilevile wiki baada ya wiki, nyekundu kama juisi ya rosela. Majibu yalipotoka tulikuwa tumeshakuzika. Mungu anisamehe, sikufurahi. Nililia kwa hasira, dada Saumu akadhani ni furaha, akanikumbatia.

Nimekukumbuka sana leo. Ulivyokaa hapa mlangoni na Manka mapajani, ukimuuliza kila mteja kwao ni wapi kabla hajauliza bei. Wengine wanakuulizia mpaka sasa, na mimi nawajibu kwamba umerudi nyumbani.

Jana jioni nilimpigia wifi huko Moshi kumwambia tunakuja. Akasema kila Desemba ulikuwa unamtandikia Manka kitanda chumbani kwako, na blanketi juu kwa ile baridi, na mwaka mpya ukipita unakitandua mwenyewe. Sikujua, Mama. Kwenye simu uliniambia tu, "Msijali, tutaonana Pasaka."

Lala salama. Desemba hii Manka atakilalia, na asubuhi nitamchoma sindano yake hapohapo kitandani.

Mwanao,
Anna