Maji ya Salopeti ya Germain

Panda, Likasi, mwezi wa sita 1998

Yaya Hortense, mukubwa wangu,

Siye tuko, Mungu anatulinda. Mutoto wetu Carine alipata komunyo, robe yake, nguo nyeupe ya kanisa, nilishona miye mwenyewe.

Germain anaenda kazi kila asubuhi na salopeti yake, nguo ya kazi, hata kama usine, kiwanda yao, imesimama. Zamani nikiifua, maji ilikuwa inageuka kijani ya mukuba, ile shaba. Kisha ikabakia safi, nikajua bwana yangu anashinda anatembea tu. Nilinyamaza, asipate haya.

Juzi maji ilitoka manjano, yaya. Manjano ile inatoka Shinkolobwe, kwenye shimo walifunga sababu ya majiwe yenye sumu. Nilinyamaza tena, kwani sasa tunakula.

Leo Carine amechora jua kwenye robe, kwa jiwe ya manjano baba yake alimupatia. Inang'aa muzuri, yaya. Anakataa kuivua.

Mudogo wako, roho juu,
Marceline