Mstari Mweusi Kwenye Chaki

Modogashe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani na si kitandani, na lile goti lako limetulia. Mama bado anabishana na daktari? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka.

Unakumbuka ulivyonifundisha kule karakana ya reli? Chuma unakipaka mafuta ya taa, unakifuta, unakipaka unga wa chaki, kisha unangoja. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari mweusi. Niliuona mstari huo kwenye chasisi ya lori la tajiri wangu, lile linalobeba mbuzi kutoka Tarbaj. Nikamwita aone. Akaufuta kwa kidole gumba, akacheka.

"Mwalimu, chaki beleka shule! Wewe choma, biga rangi, gari naondoka kesho."

Nikachomelea, Baba. Nikapiga na rangi. Nilijua fika ufa unaendelea chini yake, lakini niliogopa kufukuzwa kazi.

Safari ya tatu, lori lilikatika katikati. Dereva wetu Hassan, niliyekuwa nikila naye sahani moja, tumemzika. Tajiri akawaambia wazee wa ukoo wa Hassan kwamba fundi wa kuja ameunguza chuma kwa moto wake. Nilikasirika sana! Nilikwenda kwenye mabaki, nikakata kipande pale kilipovunjika, nikawapelekea kikaoni. Nikawaonyesha: huku kweusi, kwenye kutu na mafuta, ni ufa wa siku nyingi, huku kunakong'aa ni kwa siku ya ajali. Nikajiona nimeshinda.

Baba yake Hassan, mfugaji wa ngamia, alikipokea kile chuma, akapapasa pale peusi taratibu, kama anapapasa mguu wa mnyama.

"Hii kidonda ni ya zamani," akasema. "Tajiri iko na uongo." Kisha akanigeukia. "Lakini rangi ni yako. Wewe naona kidonda, wewe nafunika. Hassan wewe naambia?"

Sikumwambia, Baba. Na jioni ile nilipomaliza kupaka rangi tulikula pamoja, akanisifu kwa kazi safi.

Nisalimie Mama, na dada Wakesho na wanawe. Shemeji Mwakio anayeendesha lori la mkonge, mwambie aingie mwenyewe chini ya gari lake na chaki mkononi. Asingoje kuambiwa na fundi.

Ni mimi mwanao uliyemfundisha,
Mwadime