Ng'ombe Mwekundu Asiyekuwepo

Jumanne, jioni

Magoti yananiuma. Mganga wa zahanati alisema nifanye mazoezi kwa ajili ya presha, maana dereva wa trekta kazi yake ni kukaa. Basi leo nikakimbia kando ya shamba la ngano mpaka nikaanguka nikihema.

Mzee mmoja mfugaji akaja mbio na fimbo. Huku mtu mzima hakimbii bure. "Ng'ombe wangapi wamepotea?"

"Shikamoo mzee. Mmoja, mwekundu." Niliona aibu kusema ukweli.

Tukamtafuta hadi jua likazama, tukitembea haraka huku tukiongea. Jasho lilinitoka, pumzi haikunikatika. Kumbe mazoezi si lazima yaniue!

Kesho mzee atanipitia tuendelee kumtafuta. Nitamwambia ukweli, ila tukishafika mbali.