Mzimu Nilioubuni Mkutanoni

Jumamosi, 2 Agosti 2003

Daktari wa Lindi anasema moyo umechoka. Hakusema lini utagoma. Basi niandike kabla sijaulizwa na malaika – huko hakuna kufuta.

Jambo lenyewe: mwezi uliopita mradi wa msitu uliitisha mkutano. Benadetha, binti wa mradi, akatusomea masharti. Uhifadhi usimnyime mtu riziki bila ridhaa yake. Usiguse makaburi wala mahali pa mizimu. Mazuri. Kisha Nassibu, mwenyekiti wetu, akapendekeza mpingo uanze kuvunwa katika kichaka cha Nalumbe. Najua kwa nini! Mnunuzi kutoka Dar analala kwake na kumaliza kuku wake. Lakini ushahidi sina. Nikainua fimbo.

“Nalumbe pana mzimu.”

Mimi, mwalimu mstaafu, niliyefundisha vizazi viwili kwamba radi ni umeme tu. Nassibu akauliza ni mzimu wa nani. Nikamjibu jina lake halitajwi ovyo mbele ya watu ambao hawajatawadha. Benadetha akaandika. Nilirudi nyumbani nikicheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 5 Agosti

Kicheko kimekwisha. Ramani imebandikwa ofisini. Nalumbe imezungushiwa mstari mwekundu: marufuku kukata, kuchimba, hata kuingia. Watakuja Jumatano ijayo kuthibitisha mpaka, kisha kijiji kitie sahihi.

Kuchimba! Sikufikiria ming'oko, mizizi ya porini tunayokula.

Tekla amefika jioni. Jirani yangu, mjane. Huchemsha ming'oko na kuwauzia abiria wa mabasi pale barabarani; ndiyo inayolisha wanawe kiangazi chote. Shikamoo, marahaba. Akakaa mkekani akanitazama kama samaki wa juzi.

“Mwalimu, mimi nachimba Nalumbe tangu nilipokuwa mgongoni kwa mama. Huo mzimu umehamia lini?”

Nikasema mizimu haipigi hodi kwa mwenyekiti.

“Basi mwambie mgeni wako kuwa wanangu wanakula.”

Nikamweleza kuhusu Nassibu na mnunuzi wake. Nikisema kweli, kesho mpingo uko chini. Akasema: na ukinyamaza, aliye chini ni mimi. Masharti yaliwekwa yamlinde Tekla, nami nimeyatumia kumfukuza. Msomi!

Ijumaa, 8 Agosti

Miguu imekataa msikiti. Binti yangu Umi amezunguka jikoni bila kazi, mwisho akasema: juzi alipeleka unga Nalumbe. Kuniombea afya! Si wa kwanza, anasema. Chini ya mti mkubwa kuna mafungu ya unga, mayai, hata kipande cha kaniki.

Shirki. Nyumbani kwangu. Kwa mzimu niliouzaa mwenyewe! Nimemfokea hadi majirani wakachungulia. Astaghfirullah, nimewaingiza watu wangu gizani kwa sentensi moja.

Kisha nimekula sahani mbili za wali. Tangu juzi kifua kimekuwa chepesi – aibu gani hii!

Nimeamua. Jumatano nasema kweli mbele ya wote. Nikifa, nife mwepesi.

Jumapili, 10 Agosti

Tekla ametoka kanisani moja kwa moja hadi kwangu, na gauni lake la sala. Umi amemweleza uamuzi wangu.

“Usithubutu, Mwalimu! Nassibu atasema wazee wote waongo. Kesho tukidai kisima, tutaambiwa kina mzimu.”

Nikamuuliza anataka nini basi, maana Jumanne alitaka niufukuze.

“Mzimu si wako? Uamrishe uturuhusu. Sema ni wa mwanamke. Mwanamke gani atawanyima wenzake chakula?”

Mzimu bora kuliko wangu! Darasani ningempa alama zote. Lakini huo ni uongo wa pili, na shuka langu jeupe limeshanunuliwa, liko sandukuni. Nikasema nitafikiri.

“Fikiri upesi. Wewe huna muda mwingi.”

Nimecheka sana. Wengine wote wanasema naendelea vizuri.

Jumatano, 13 Agosti, Nalumbe

Naandikia hapa hapa kichakani. Nimeletwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nimefungwa kama gunia la korosho. Sasa nimeegemezwa kwenye mti. Benadetha yuko na wageni wawili wa mradi. Wanawake wamesimama kando na vikapu vyao. Tekla mbele.

Nilikuwa nimefungua kinywa. Wallahi, nilikuwa naanza! Nassibu akanitangulia. Akavua kandambili, akapiga magoti mbele ya ule unga.

“Bibi wa Nalumbe, nisamehe.”

Bibi! Kumbe Tekla ameshaueneza.

Akaendelea. Mpingo mmoja wamekwisha kuuangusha, yeye na mgeni wake, upo nyuma ya kichaka, umefunikwa majani. Tangu siku hiyo mguu wake umevimba, hapati usingizi. Hakuna atakayegusa tena hapa. Benadetha anaandika. Mgeni mmoja wa mradi amekwenda kutazama, amerudi akitikisa kichwa: upo.

Basi. Mpingo umepona, na kisingizio changu cha kudanganya kimekwisha. Kilichobaki ni ulimi wangu. Nikisema kweli sasa, Nassibu atavaa kandambili zake na kukana kila kitu. Nisiposema, wataendelea kuleta mayai. Na nikiri pia hili, maana siandiki kwa ajili ya mtu: yule mtu mzima alipopiga magoti, niliona raha.

Benadetha amechuchumaa kando yangu.

“Babu, tunakusubiri wewe. Mzimu unasemaje kuhusu kina mama na ming'oko?”

Nimeinua kidole: ngoja. Wanadhani naandika ninayoambiwa!

Tekla hangoji. Amepita katikati ya wageni, ameinama hatua moja kutoka kwenye unga, anachimba. Wanawake wamemfuata. Hakuna anayewatazama – wote wananitazama mimi, na Nassibu bado yuko magotini; moyo wangu unagoma, kalamu nzito, ananiuliza kwa sauti ndogo kama Bibi ameka–