Shilingi Hamsini za Bi Rukia

Laazizi wangu, mume wangu,

Nakuandikia nimekaa mlangoni mwa duka letu. Hilo neno "letu" nalisema kwa sauti kila nipatapo nafasi, na mpita njia akinishangaa namrudishia tabasamu. Tangu meli ikuchukue kwenda Pemba kumwuguza mama, nyumba imekuwa pana mno. Natumaini ameanza kula. Umwamkie kwa niaba yangu, umwambie mkwewe anamwombea kila sala.

Mimi ni mzima, ila nimefanya jambo bila kukungoja, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wasafiri. Nimemlipa Bi Rukia shilingi hamsini kwa ule ushauri wake wa biashara, na nimezitoa kwenye fedha za kitanda.

Usikunje uso. Najua unavyokunja, nyusi ya kushoto ndiyo hutangulia. Nisome mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyonijia mbio, harusi yetu haijatimiza hata mwezi, kuniambia umepata chumba cha kukodishia baiskeli zetu kwenye barabara kubwa, katikati ya maduka ya baiskeli? Ulikuwa na grisi mpaka sikioni. Mwenye chumba alitaka kilemba, pesa ya kuingilia tu, shilingi mia mbili kabla hajataja kodi, nawe ulikuwa tayari kumkabidhi akiba yako yote ya ufundi. Nilikuona mzuri kuliko siku ya harusi. Lakini nikasema, "Tumwulize kwanza somo yangu."

Ukacheka. "Bi Rukia? Yule ni kungwi na mwuza mchele. Baiskeli ataijulia wapi?"

Ukanifuata hata hivyo, na hilo ndilo ninalowaringia wenzangu wote.

Tulimkuta akipepeta mchele. Alianza maswali hata hatujakaa. Nani atakodi baiskeli zenu? Siku gani? Atakuwa amebeba nini? Ulimjibu kwa kiburi kidogo, "Watu wa mjini, kila siku." Akakutazama kama anavyotazama mchele wenye mawe.

"Mtu wa mjini ana baiskeli yake, au ya kakaye," akasema. "Anayekodi ni mtu wa mkonge. Jumamosi ya mshahara anakuja kutoka shambani, anataka auzunguke mji wote aonekane. Kwanza anapita Ngamiani sokoni kumnunulia mkewe kanga. Basi kaeni hukohuko karibu na soko, uchochoroni, kodi ndogo. Na akikodi, msimdai pesa ya dhamana. Mshikieni ile doti ya kanga."

"Na asiporudi?" ukauliza.

"Mwanamume aliyekwisha kupokea mshahara, aende kwa mkewe bila kanga? Atarudi, baba. Atarudi mbio."

Tulicheka njia nzima. Penye kona ya muuza kahawa ulinishika mkono mbele za watu, nami nikajitia sioni haya. Hata leo nikipita pale mkono unapata joto.

Na sasa tazama. Jumamosi rafu yetu inajaa kanga za wake za watu. Nazikunja mwenyewe, polepole, nikiwawazia wanawake wanaozingoja huko makambini. Haijalala kwetu hata moja.

Siku ya safari, begi likiwa tayari begani, uliniambia, "Mpe Bi Rukia ada yake, doti ya kanga na ubani, kama tulivyompa harusini." Nami niliona ndivyo. Nikachagua kanga nzuri, nikaiweka kwenye sinia pamoja na ubani na udi, nikafunika kitambaa, nikaibeba kichwani kwa madaha yote.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali wangu. Sinia ya nini? Nani anaolewa?"

"Ni yako, somo. Ahsante ya duka."

Akafunua, akafunika. "Ukungwi wangu mlikwisha kuulipa, na mlinilipa vizuri. Nilikufunza mambo ya nyumba, nikapewa heshima ya nyumba. Hii ilikuwa kazi ya soko. Mumeo angemwendea wakili, angempelekea sinia?"

Uso uliniwaka. "Basi taja wewe, somo."

"Nitaje mimi? Umekaa shule ya bweni miaka yote ile ukila maharage ya serikali. Piga hesabu."

Nikarudi na sinia kichwani, njia ileile, majirani wakiniuliza kama huko nilikokwenda nimekosa nyumba.

Niliwaza mchana kutwa, hata uji ukashika chini. Nikihesabu muda, Bi Rukia alitumia muda wa kuziba pancha moja, na pancha tunajua bei yake. Lakini bila yeye tungekuwa wapi leo? Tungekuwa barabara kubwa, zile mia mbili zimekwenda, baiskeli zetu kuukuu zimeegemea ukuta zikitazamana na mpya za majirani. Kilemba kile kizima alituokolea yeye. Nikaona robo yake ni haki. Tena tutamhitaji siku nyingine, na nataka tukamwulize tukiwa tumeinua macho.

Fedha zilikuwa kwenye kopo la kitanda tu. Najua ulivyoniahidi kitanda cha samadari chenye vichwa vya shaba. Laazizi, hiki chetu cha kamba kimelegea katikati, na tukilala tunateremkia palepale pamoja, tupende tusipende. Sina haraka nacho hata kidogo.

Nilimpelekea mkononi, bila sinia. Akahesabu mbele yangu, akiramba kidole.

"Umefikaje hamsini?"

Nikamweleza ile robo. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Mimi ningetaja thelathini."

Nikanyoosha mkono nipewe ishirini zangu. Alikwisha kupiga fundo kwenye pindo la kanga yake. "Iliyoingia humu haitoki, mwanangu. Ishirini hizo ni za swali lenu la pili. Leteni mnalotaka."

Swali ninalo, lilinijia palepale, likafika mdomoni. Nikalimeza. Hilo ni letu wawili, mume wangu, na tumekwisha kulilipia. Wewe huko, ukikaa kando ya mama, fikiria lako. Mimi nataka tuulize kama wakati wa baiskeli ya tano umefika. Wewe najua utakuja na jambo jingine kabisa, utashika kiuno, tutabishana mpaka chai ipoe, nami natamani hata hayo mabishano. Mama akipata nafuu, usikae ukingoja meli ya wiki ya pili. Panda ya kwanza. Njoo tubishane.

Mkeo, na mwenzio wa biashara