Jua Lisimchome Vikrant

Shirgaon Khurd,
Wilaya ya Satara.
2 Juni 2019.

Mpendwa shemeji Bhiku,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. U mzima? Na lile goti lako, bado linagoma kupanda ngazi, au mvivu ni wewe unalisingizia? Mimi sijambo, ila meno yamebaki ya kuonyesha wageni tu. Mvua bado, kisima kimeshuka, na mbuzi wanatutazama kama sisi ndio tuliozuia mawingu.

Habari kubwa: nimepata tuzo ya serikali! Ile wanayotoa kwa filamu za Kimarathi. Ukibisha, tazama picha niliyoiweka humu. Kilemba cha rangi ya waridi, tuzo kifuani, natabasamu kama bwana harusi.

Basi, usianze kutangaza huko Surat. Uongo. Niliishika kwa muda wa kupiga picha, kisha mwenyewe akaichukua. Mwenyewe, au anayejiita mwenyewe. Ngoja nikueleze, maana na wewe umeibiwa.

Unamkumbuka Nishikant, yule kijana mtunzi wa nyimbo aliyekuja na wapiga filamu hapa kijijini, mwaka ule kabla dada yako hajatutoka? Alikula kwetu mikate ya mtama na pilipili mpaka machozi yakamtoka. Alfajiri akamsikia Sonabai akiimba kwenye jiwe la kusagia. Mashine iko pale sokoni, lakini dada yako unamjua, kwa bizari ya kuwapaka maharusi hakuiamini mashine. Kijana akaweka simu karibu na jiwe, akarekodi wimbo wote.

Wewe ulitajwa sana. Bhiku kaleta sari, Bhiku kaja na ng'ombe wawili, Bhiku mwezi wa kwao. Nami niko chini ya blanketi najifanya nakoroma, wivu umenijaa, maana ng'ombe hao sikuwaona hata mkia. Lakini mwishoni, mkono ukishachoka, aliimba hivi: "Jua wee, usimchome Rakhmaji wangu, kilemba chake kimechakaa."

Jina langu, shemeji. Mbele za watu aliniita Baba Sunanda, na akikasirika, "wee unayejikuna hapo." Adabu za wake zetu unazijua, jina la mume halitoki mdomoni. Kwake lilitoka hapo tu, kwenye jiwe. Miaka yote ile sikuthubutu kukohoa, nisije nikalikatiza.

Filamu iliposhinda ikaletwa shuleni kwetu. Nikakaa mbele kabisa. Wimbo ulipoanza nikamfinya binti yangu Sunanda: mama yako huyo! Hakuwa yeye, alikuwa mwimbaji wa mjini mwenye sauti ya sukari. Sawa. Nikangoja jina. Likaja: "Jua wee, usimchome Vikrant wangu." Vikrant ndiye shujaa wao. Amepanda pikipiki, amevaa miwani nyeusi! Jua limchome wapi? Na wewe umefutwa kabisa, na ng'ombe wako wote.

Tuzo ni ya maneno bora ya wimbo. Waamuzi wamesema eti kijana amefukua harufu ya udongo wetu. Jembe hajawahi kulishika, huyo.

Walipomfanyia sherehe Satara mjini, nikaenda. Nikamwambia, "Kijana, wimbo ule ni wa mke wangu."

"Babu, nyimbo za jiwe ni za watu wote. Hazina mwenyewe."

"Kama hazina mwenyewe, wewe umepewa tuzo ya nini?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akanibandika tuzo kifuani. "Shika, babu, tupige picha!" Nikashika. Nikamwomba basi anipe ile sauti tu, aliyoirekodi kwenye simu.

"Aa, nilishaifuta, babu. Simu ilijaa."

Mpiga picha alikuwa hajamaliza, kwa hiyo nikaendelea kutabasamu. Ndiyo picha hiyo uliyoishika.

Serikali siilaumu sana. Iliusikia wimbo, ikauona mzuri. Ni mzuri kweli. Hapo ndipo panaponiuma.

Nisalimie mkeo Kamalabai, na mwanao Prakash, na mama mkwe wake yule anayenichukia. Sunanda anawasalimu wote. Mungu awape maji ya kutosha na usingizi usio na kikohozi.

Sasa nisikilize. Siku ya harusi yangu ulinisokota sikio. Ni haki ya kaka wa bibi harusi, sikatai, lakini wewe ulilisokota kama mtu anayezima redio, na ukapewa kilemba kipya juu yake. Baridi ikivuma linaniwasha mpaka leo. Sikio hilo nakudai.

Unilipe hivi. Harusi ya binti yako, Sonabai alikuja kwenu kusaga bizari, na Prakash akapiga video. Mwambie aitafute, aitume kwenye simu ya Sunanda. Yote, asikate mwisho. Mimi sikuwepo siku hiyo, kwa hiyo sijui kama alinitaja au alikuimba wewe tu mpaka bizari ikaisha.

Isikilize kwanza wewe. Kama jina langu halimo, usiitume. Niambie tu simu ya Prakash iliibiwa sokoni. Nitaamini.

Wako akupendaye, sikio na yote,
shemeji yako
Rakhmaji.